Usafiri Hai

Gari la matangazo lilipita taratibu, spika inakoroma juu ya paa, vikombe vya Mama Kahawa vikatetemeka mezani.

"Jumamosi mtaa huu unafungwa kwa magari na pikipiki! Ni majaribio! Utakuwa mtaa wa usafiri hai, wenye mabenchi, maua na kivuli! Jioni yake afisa atakuja kusikia maoni yenu. Mkiukataa mpango huu, tunaupeleka mtaa wa pili!"

Mama Kahawa akaacha kumimina. Binti yake, Kibonge, alikuwa ameanza kutembea juzijuzi tu, na dunia yake yote ilikuwa urefu wa mtandio: ncha moja kiunoni mwake, ncha nyingine kwenye mguu wa benchi. Kupita hapo ni matairi matupu. Wasiukatae, jamani, akaomba kimoyomoyo.

"Tunaukataa!" akafoka Injini, dereva wa pikipiki ambaye hata msalani huenda kwa pikipiki. "Miguu iliumbwa kukanyagia breki!"

"Tulia wewe, kwanza elewa neno," akasema Mheshimiwa, karani mstaafu anayejua kila kitu kasoro kunyamaza. "Usafiri hai ni nini?"

"Si kutembea na kuendesha baiskeli?" Mama Kahawa akajaribu.

"Baiskeli inapumua, mwanangu? Inakula? Hai ni chenye uhai. Serikali inazungumzia punda."

Sindano, fundi cherehani, akachomoa pini mdomoni. "Kwa hiyo huu tunaopanda sasa ni marehemu?"

"Wa Injini ndiyo. Ile pikipiki ilishakufa siku nyingi, unachokiona barabarani ni mzimu wake."

"Mzee, tuheshimiane! Nani alikuwahisha hospitali ulipokabwa na mfupa?"

"Uliniwahisha? Nilishuka nikasukuma! Mfupa ulitoka njiani kwa ajili ya kuhema!"

Benchi zima likalia kwa kicheko. Mama Kahawa akamjazia Injini kikombe hadi kikamwagika. "Shemeji, mwache mtoto atembee. Ona kamba hiyo."

Injini akamtazama Kibonge, akakwepesha macho haraka. "Shemeji, kahawa yako naipenda. Ila afisa nitamwambia usoni: hapana."

Jumamosi mtaa ulitulia hata birika likasikika likichemka. Baiskeli zilipita, watu wakakaa kwenye mabenchi mapya. Mara Mheshimiwa akatokea na tai shingoni, juu ya punda wa kukodi. Walipofika katikati kabisa ya mtaa, punda akakaa.

Wakamvuta. Wakamsukuma. Mheshimiwa akamsomea haki zake. Nyuma, baiskeli zikaanza kurundikana na kengele kulia.

"Magari hamna na foleni tunayo!" Sindano akapiga makofi. "Mheshimiwa, usafiri wako hai umezimika!"

"Anatafakari tu!"

"Kamba! Nani ana kamba?" Injini akapiga kelele.

Mama Kahawa akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna gari, hakuna pikipiki. Akaufungua mtandio kiunoni mwa bintiye, akawapa. Punda akaburutwa pembeni, akafungwa palepale kwenye mguu wa benchi.

Kibonge akajipapasa kiuno. Hamna kitu. Akapiga hatua, akasubiri kuvutwa, hakuvutwa. Akanyanyua mikono yote miwili, huyoo, katikati ya mtaa, anacheka mwenyewe.

"Ataanguka!" Injini akachomoka kama mwizi. Akamfikia, lakini hakumbeba. Akainama, akatanua mikono huku na huku, akamfuata. Mtoto akikata kona kwenye maua, naye anakata. Akikaa, naye anachuchumaa. Akigeuza, naye anageuza, tena anatoa na mlio: "Brrr, brrr!"

Mama Kahawa akageukia birika ili wasimwone akifuta macho.

Jioni afisa alimkuta Injini bado amepinda mgongo, jasho linamtiririka.

"Nasikia wewe ndiye unayepinga mpango. Haya, sema."

Injini hakuinua hata kichwa.

"Bosi, pisha njia. Nina abiria."