Kibuyu Chenye Jicho

Jumatatu, 2 Juni
Kamati ya tamasha inataka filamu ya watu wapandao kilima kwa njia ya zamani ya misafara. Ijumaa itachagua moja, na mwenye nayo ndiye mpiga picha wa tamasha. Mabruki, yule mpiga picha za harusi, ambaye studio yake inatazamana na kibanda changu cha picha za paspoti, ameanza kujitapa. Ajitape! Mimi nitafunga simu mtini, ijipigie picha kutwa, kisha niziunge ziwe filamu. Siku nzima ipite haraka, watu wamiminike kama siafu. Mtaa wote wa Isevya nimeshautangazia kuwa kazi ni yangu.

Simu yangu imepasuka kioo, haiwaki tena. Nimechukua ya mke wangu, Mektilda. Nimemwambia naipeleka kwa fundi kabla haijaharibika.

Jumanne, 3 Juni
Watu hawana adabu. Kila mpita njia amesimama kuichungulia simu. Picha zote ni pua.

Nimeificha ndani ya kibuyu, nikakifunga kitambaa chekundu na manyoya ya kuku, nikaacha tundu la kamera. Hata mwizi hatakigusa. Akili ni mali.

Jumatano, 4 Juni
Hakuna aliyekigusa. Hakuna aliyepita pia! Picha za kutwa: njia, majani, mbuzi mmoja. Wapagazi walipita hapa na pembe za ndovu mabegani miaka na miaka, leo imekuwa nini? Huu ni mkono wa Mabruki. Amewahonga watu.

Nimeichaji simu, nimeirudisha kibuyuni.

Alhamisi, 5 Juni
Mama mkwe amekuja jioni. Nikasema shikamoo. Badala ya marahaba, akanionyesha miguu iliyochanwa na miiba. Eti amezunguka kilima kizima, kama watu wote siku hizi, kwa sababu kuna mchawi ametega kibuyu chenye jicho. Akasema mtu huyo alaaniwe. Nikaitikia alaaniwe, kwa sauti kumshinda. Ningefanyaje?

Mektilda akasema kesho alfajiri wanajumuiya watakwenda kusali na kukichoma. Mafuta ya taa atabeba yeye.

Nitawahi kuamka.

Ijumaa, 6 Juni
Sikuwahi. Nimefika mbio, kibuyu kinawaka. Mara kikaanza kuimba wimbo wa kwaya. Wanajumuiya wote wakatimua mbio, isipokuwa Mektilda. Aliujua mlio wa simu yake. Kumbe mama mkwe alikuwa anapiga kuuliza kama mchawi ameshindwa.

Mektilda alinitazama tu, kiberiti mkononi. 

Na kamati imemchagua Mabruki! Amepiga filamu njia mpya ya kuzunguka kilima. Wamesifu wingi wa watu. Watu wale ni wangu! Nani aliwapeleka kule?

Jumamosi, 7 Juni
Mektilda amekwenda kwao. Nyumba kimya, ugali nimeuunguza. Yote haya sababu ni Mabruki.

Lakini kamati inaweza kubadili mawazo. Nimepata kibuyu kingine, kikubwa zaidi. Nitakitundika kwenye njia ya Mabruki, watu warudi kwenye yangu. Simu tu ndiyo sina.

Mama mkwe anayo.