Chujio la Daktari wa Diski

Mvua ndiyo iliyomsukuma Daktari wa Diski hadi kibarazani pa studio ya picha, lakini kilichomwingiza ndani ni mkoromo wa kompyuta. Udaktari huo alikuwa amejipa mwenyewe, bila kukisumbua chuo chochote. Alimkuta mwenye studio, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Picha, amewasha mashine, ameenda kuchemsha chai, amerudi na kikombe, na mashine bado inajikongoja. Daktari akapiga hesabu upesi: miaka kumi na mitano ya harusi na misiba ya watu, yote ndani ya diski moja kuukuu. Moyo wake ukajaa huruma, ile ya fisi kwa mbuzi anayechechemea.

Mbinu yake haikuwa na makuu. Angejitolea kusafisha diski ya zamani na kuweka mfumo mpya, ila kabla ya kufuta angenakili kila kitu kwenye diski yake nyeusi ya mkononi. Mwezi ukipita angewazungukia wenye picha mmoja mmoja, uso umemshuka kama mfiwa, awauzie walichodhani kimepotea. Mwenye steshenari wa mtaa wa pili alishalizwa hivyo. Barua na vyeti vya wateja wake vilikuwa bado kwenye diski hiyo hiyo. Diski ile nyeusi ndiyo iliyokuwa shamba lake, na alivuna mwaka mzima.

Akamweleza Mama Picha kwamba mashine haijazeeka, imechoka tu, na kwamba kwa mama kama yeye hawezi kudai hata shilingi. Mama Picha akamshukuru, akamvutia kiti. Kando, karibu na mlango, alikaa shangazi wa bibi harusi mmoja, mkunga mstaafu, aliyekuja kuchagua picha za albamu. Alikuwa mama wa mwili, na kiti chake kiliziba nusu ya njia.

Daktari alipochomeka diski nyeusi, Mama Picha akauliza ni ya nini.

"Hili ni chujio, mama," akasema bila kupepesa macho. "Virusi vyote vinapita huku kwanza, ndipo tufute."

Mama Picha akasema sawa. Kunakili kukachukua asubuhi nzima. Mvua ikakatika, chai ikanywewa mara mbili, na Daktari akawasimulia jinsi alivyowahi kuokoa kompyuta za benki tatu, ambazo kwa heshima hakuzitaja. Kisha akawasha mashine kwa flashi yenye mfumo mpya. Orodha ya diski ikatokea. Akachagua ile ya zamani, akafuta sehemu zake zote, akatengeneza sehemu moja mpya, safi kama sahani ya wageni.

"Mwanangu," Mama Picha akasema, "chujio likishachuja, uchafu unabaki wapi?"

"Unabaki humo humo kwenye chujio," Daktari akajibu. Ulimi wake ulizoea kutangulia.

"Basi nalo lioshwe, kabla mfumo mpya haujaingia. Si limechomekwa hapo hapo?"

Daktari akacheka kidogo. Akasema hiyo ni kazi ya nyumbani, ina utaalamu wake. Shangazi akainua macho kutoka kwenye albamu, akasema kwamba miaka yote ya kuzalisha hajaona kifaa kichafu kikitiwa mfukoni, na mtu wa kwanza kumwonyesha hivyo asiwe mwenye jina la daktari. Akasogeza kiti chake. Sasa njia iliziba yote.

Daktari akatazama mlango, akatazama skrini. Kukataa kulikuwa kukiri. Akajifariji kwamba kuna kufuta kwa haraka, ambako mtu mwenye ujanja hurudisha kila kitu jioni ile ile. Akapeleka kishale huko.

"Hapana, siyo ya haraka," Mama Picha akasema taratibu. "Hiyo ni kufagia taka chini ya mkeka. Chagua ile ndefu."

Daktari akageuka kumtazama. Mama Picha alikuwa anapuliza chai.

Akachagua ile ndefu. Saa nne nzima alikaa akitazama shamba lake likiungua, asilimia moja moja.

Mfumo mpya ulipomaliza kuingia, mashine iliwaka kabla mtu hajanyanyua kikombe. Daktari akamuuliza Mama Picha kama kufutwa kwa picha zake hakumsikitishi.

"Nilizinakili Jumapili, kwenye diski mbili. Moja iko kwa dada yangu," Mama Picha akasema. "Mwenye steshenari ni mdogo wangu wa mwisho. Alinieleza sura yako. Nami nilikuwa natafuta mtu wa kunisafishia hii ya zamani."

Daktari akakusanya nyaya zake. Shangazi akasimama kumpisha, kwa adabu zote. Lakini Mama Picha akamwomba asimame kidogo pale ukutani kwenye mwanga, apigwe picha, maana kazi yake ilikuwa safi na yeye hapendi kudaiwa shukrani. Na Daktari, ambaye hata siku ile hakuweza kukataa sifa, akanyoosha kola na kutabasamu.

Asubuhi iliyofuata picha ilikuwa dirishani, kubwa kama mlango wa kabati, imetoka vizuri ajabu. Chini yake paliandikwa kwa wino mwekundu: "Huyu akija kukusafishia diski, mwache asafishe. Ila kaa naye mpaka mwisho."