Matofali Yangu na Watu wa Mionzi

Jumanne, 6 Machi 2012

Leo nimeingia mkutanoni mtaa wa Kamukuzi bila kualikwa. Nilitoka kambini kwetu Nakivale alfajiri kumpelekea mke wangu Viviane unga na maharagwe. Yeye anaandikisha wagonjwa katika zahanati ya Mzee Rwakabuba hapa Mbarara, analala kwa binamu yake Sonia, nyumbani anarudi Ijumaa. Nikamkuta Mzee Rwakabuba anavaa koti. Anakwenda mkutano wa watu wa mionzi, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa mashine za eksirei. Nikabeba begi lake. Mwenye kubeba begi haulizwi mlangoni.

Sababu ya ukarimu wangu: Mzee anataka kujenga chumba cha eksirei. Chumba kinataka kuta. Kuta zinataka matofali. Na mfyatua matofali bora wa Nakivale nzima ni mimi, Bonaventure. (Jirani yangu Ulrich naye anajiita mfyatuaji. Matofali yake yamepinda kama ndizi.)

Mkutano wenyewe, maajabu! Nilidhani tutasomewa sheria na kutishwa. Wapi! Mkubwa wao, Madamu Anne kutoka Kampala, akatuuliza sisi: ni jambo gani la usalama wa mionzi ambalo hatulijui, na tungelijua tungefanya kazi yetu tofauti? Nikatazama huku na huku. Serikali haijui! Na inalisema mbele za watu, mchana!

Nikanyoosha mkono. Nikasema vitabu vyao vimepima zege na matofali ya Ulaya. Ya Nakivale nani kayapima? Yapimwe, na yaanze ya kwangu. Watu wakacheka. Madamu Anne hakucheka. Akasema swali la matofali ya kienyeji lilikuwepo tayari, mkaguzi wake mmoja alilileta mwaka jana. Sawa. Lakini lilikuwa limelala, na aliyeliamsha ni mimi.

Jumatano, 7 Machi

Nimelala kwa Sonia ili nirudi siku ya pili ya mkutano. Viviane alinikumbusha kwamba nina matofali mabichi nje na mawingu ni mazito. Nikamwambia sayansi haingoji.

Leo wamepanga maswali. Kila swali linapewa alama. Madhara yake ni makubwa kiasi gani? Yanawafikia watu wengi au wachache? Kuna mahali pengine wameshajibu, tukasome tu? Halafu la mwisho, ndilo linalonisumbua kichwa mpaka sasa: jibu likipatikana, mkaguzi atabadilisha nini? Kama hakuna cha kubadilisha, swali linatoka, hata liwe tamu namna gani. Daktari mmoja alileta swali tamu sana kuhusu simu za mkononi. Likatoka! Akasusia chai.

Nimeyawaza maisha yangu kwa utaratibu huo. Maswali yangu mengi yangetoka.

Kisha wakaja kwenye fedha. Fungu la utafiti linatoka serikalini na ni kama blanketi la mtoto: ukifunika kichwa, miguu iko nje. Kwa hiyo chuo kikuu kitatoa vyombo na wanafunzi, ofisi itatoa gari na mafuta, na maswali yaliyobaki yatangoja mwaka mwingine. Hapo Mzee Rwakabuba akasimama, mkono mfukoni. Akasema, "Madamu, mimi nalipa yote. Wewe anza tu na kwangu."

Madamu Anne akakataa! Kwa upole, lakini alikataa. Akasema anayepimwa hanunui futi. Mzee akikaguliwa kesho, na utafiti uliolipwa na Mzee unasema ukuta wa Mzee ni mzuri, nani atauamini?

Sijawahi kuona mtu wa ofisi anakataa fedha. Nimelifikiria hilo mpaka chai yangu ikapoa. Nadhani ni mbinu. Sijajua ya nini.

Mvua ilinyesha Nakivale. Matofali mabichi yamerudi kuwa udongo.

Ijumaa, 6 Julai

Viviane amerudi na habari. Matofali yamepata alama! Watu wa mionzi watakuja mwisho wa mwezi kuchukua matofali kwenye matanuri ya hapa, kisha wayapige eksirei huko chuoni na kupima nyuma yake mionzi inapita kiasi gani. Tanuri langu limo. La Ulrich pia limo.

Ulrich! Nikamuuliza Viviane kwa nini. Akasema Madamu Anne anataka matofali ambayo watu wanajengea kweli, mazuri na yaliyopinda. Sheria mpya ya unene wa ukuta itatoka hapo. Sijaelewa. Mgeni anasafiri kutoka Kampala mpaka Nakivale, halafu unamwonyesha kitu kibaya? Kwetu Kivu mgeni hachinjiwi kuku mgonjwa. Hilo ni suala la heshima.

Na kuna ukuta wa Mzee Rwakabuba. Anangoja matokeo ndipo aagize. Atakayeshinda ndiye atakayeujenga, na zahanati zote za Mbarara zitafuata. Viviane naye ana hamu chumba kiishe, maana meza yake ya kuandikishia itakaa upande wa pili wa ukuta huohuo, palipo na kivuli. Nimemwahidi ukuta wa mumewe mwenyewe. Alitabasamu.

Jumamosi, 14 Julai

Mpango umeiva. Ezira, fundi wa mageti pale Mbarara, ana magunia ya unga wa chuma unaomwagika akikata nondo. Alikuwa anautupa. Nimemfanyia hisani ya kuuchukua. Chuma kinazuia mionzi, nililisikia kwa masikio yangu mkutanoni. Nimeuchanganya na udongo, nikafyatua matofali ya kutosha kupanga mbele ya tanuri. Mazito! Stendi ya baiskeli yangu imevunjika.

Ulrich alipita akauliza kwa nini toroli langu linalia. Nikamwambia ni ubora. Akasema ubora wake haulii. Mtu wa wivu sana.

Je, ni udanganyifu? Nimejiuliza kwa uaminifu. Hapana. Udongo ni wangu, moto ni wangu, na chuma ni kitu cha Mungu.

Jumanne, 31 Julai

Wamekuja! Madamu Anne na wanafunzi wake. Nilikuwa nimevaa shati la kwaya. Nikamwonyesha safu ya mbele, nyekundu, imenyooka, nikamkaribisha achukue.

Akashukuru. Halafu akasema atachukua juu, chini, katikati na nyuma, popote kura itakapoangukia, ili mtu asimchagulie wala yeye asichague. Kura! Kwenye tanuri langu! Jasho likanitoka. Nikasema kule nyuma kuna nyoka.

Wanafunzi wakarudi hatua moja. Vizuri. Lakini Ulrich, ambaye hakuna aliyemwita, akaruka ua anapaza sauti: "Nyoka iko wapi? Mi nalete fimbo!" Akazunguka tanuri lote akigonga. Hakuna nyoka. Nikasema amehama. Ulrich akasema hata njia yake haionekani. Nikasema ndivyo alivyo, ni nyoka mwangalifu.

Wanafunzi hawakutaka kabisa kwenda nyuma. Wakachukua ya mbele. Madamu Anne akaandika kitu. Nikachungulia. Ameandika habari za nyoka! Nikamuuliza nyoka anahusikaje na mionzi. Akasema kila kinachowazuia kuchukua walichokusudia kinaandikwa, maana huenda ndicho kinachoeleza jibu. Wana udadisi wa ajabu watu hawa. Ninawapenda.

Kwa Ulrich walichukua mpaka ya chini kabisa, yenye majivu. Maskini.

Alhamisi, 9 Agosti

Ushindi! Mzee Rwakabuba amepiga simu mwenyewe. Mwanafunzi mmoja karopoka kantini kwamba tofali la Bonaventure halipitishi karibu chochote. Mzee alikuwa anapiga kelele: "Ssebo, bwana wangu, tofali yako iko kali sana! Sasa mimi najenga laini moja tu, si mbili. Leta haraka!"

Ukuta mzima, wenye unene wa tofali moja tu! Nilirukaruka kando ya tanuri. Nilimpigia Ezira aniwekee unga wote wa chuma alio nao. Ezira akasema hana. Kazi ya mageti imelala, hakuna anayejenga. Nikauliza kesho je? Akacheka.

Basi nitapeleka ya kawaida. Rangi ni moja. Nani atajua?

Ijumaa, 10 Agosti

Nimemsimulia Viviane yote, tangu chuma mpaka nyoka. Nilitegemea sifa. Kwenye nyoka alicheka hata akashika ukuta. Nilipofika kwenye laini moja ya matofali ya kawaida, akaacha kucheka.

Akauliza polepole: "Bona, nyuma ya ule ukuta, mugongo ya nani njo itakuwa pale?"

Kweli sikuwa nimefika huko. Nilikuwa nimewaza ukuta, tanuri, Ulrich, mashine, Kampala, hata nyoka. Sikumwaza mke wangu aliyekaa kwenye meza yake. Niliona haya, nikaogopa pia, na chakula kilinishinda.

Lakini mtu hakosi mbinu. Nikapendekeza ahamishe meza. Akasema hakuna fasi. Nikapendekeza avae koti nene. Akaenda kulala.

Jumatatu, 13 Agosti

Viviane ameondoka asubuhi kwenda kazini. Nimeingia kuchukua tofali langu la chuma, moja nililolibakiza kama kumbukumbu chini ya kitanda. Halipo! Kuna alama ya vumbi tu. Ulrich anasema alimwona Viviane akipanda lori la mahindi na kitu kizito kwenye kanga, amekibeba kama mtoto.

Kesho Mbarara. Nitasema ni tofali la kuzuia mlango.

Jumanne, 14 Agosti

Nimechelewa. Zahanatini niliambiwa Viviane amekwenda chuo kikuu. Huko nilikuta tofali langu limevunjwa juu ya meza ya Madamu Anne, chuma kinang'aa ndani. Viviane amekaa kando, mikono mapajani, kama mtu aliye kanisani. Nikaanza habari za mlango. Madamu Anne akainua mkono.

Alikuwa ameshashuku. Alisema jibu baya hupimwa mara mbili, na jibu zuri mno hupimwa mara tatu. Tena alikuwa na nyoka wake kwenye maandishi. Akanieleza bila kupandisha sauti: sheria ingetoka na namba yangu, zahanati zote zingejenga kuta nyembamba, na nyuma ya kila ukuta kuna mtu. Matofali yangu yametolewa kwenye utafiti. Fungu lile dogo limeteketea bure kwa safari ya kwa Bonaventure.

Hili la mwisho limeniuma kuliko yote. Nilikuwa nimeona mwenyewe wanavyolibana lile fungu, swali baada ya swali.

Mzee Rwakabuba ameamriwa ajenge laini mbili na plasta nene. Kwa matofali ya nani? Ya Ulrich! Yaliyopinda! Yamepimwa, yanajulikana yanapitisha kiasi gani, basi yanafaa. Viviane alinisindikiza mpaka barabarani, hakunigombeza. Alisema neno moja tu: "Ukirudilia tena vile, siku ya Ijumaa mi sitarudi. Nitaikalia kwa Sonia."

Nimelia kidogo. Vumbi la Mbarara pia lilikuwepo.

Jumatano, 24 Oktoba

Ukuta umekwisha na umepimwa. Kwenye kiti cha Viviane hakipiti kitu. Aliponiambia nilifurahi hata nikampa Ulrich mkono. Mkono wake una sugu. Sikuchukia.

Nami nimebadilika. Wote wanasema hivyo, au watasema.

Ijumaa iliyopita Viviane alileta habari nyingine. Kwa mwaka ujao watu wa mionzi wameweka swali jipya, na limepata alama za juu: mfyatuaji akijua anapimwa, matofali yake yanatofautiana kiasi gani na anayomuuzia mtu wa kawaida? Watatuma wanunuzi kimyakimya. Alinisimulia akinitazama usoni sana. Nikasema swali zuri. Nikasema sitafanya lolote.

Na sijafanya lolote. Ila Ezira amepata kazi ya geti kubwa, unga ulikuwa unamwagika bure, ni dhambi kutupa chuma. Nimefyatua machache. Nimeyaweka kando kabisa.

Leo amekuja mnunuzi. Kijana mgeni, mpole. Anataka matofali matano tu, ya kawaida, kama ya mtu yeyote. Hakuomba nipunguze bei! Nikajua papo hapo: mtu wa mionzi. Nikamkaribisha chai, nikamfungulia yale ya kando. Alipoyainua akaguna, akayatia kwenye mfuko wenye maua mekundu, unaofanana kabisa na wa Viviane. Nikamuuliza anakaa wapi. Akasema Mbarara, amepanga kwa dada mmoja anaitwa Sonia. Dunia ni ndogo kweli!

Keshokutwa ni Ijumaa. Viviane akifika tu nitamwambia jinsi nilivyowatambua.