Noti Ndogo kwenye Karatasi Yangu

Jumatatu, 18 Novemba
Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, salamu nyingi. U mzima huko juu? Mimi Nemesio mzima, ila meno ya mbele. Daktari atayang'oa Desemba, na asiye na meno hapulizi. Miaka ishirini na moja napuliza filimbi ndogo katika bendi ya mji, sijapewa hata wimbo mmoja wa kupuliza peke yangu! Zote ni za Mang Osting, mzee wa filimbi kubwa. Sasa nina mpango wa Ijumaa, sikukuu yako, tutakapopiga mbele ya kanisa. Karatasi za bendi nanakili mimi. Nitauandika wimbo wa Osting kwenye karatasi yangu kwa noti ndogondogo, kama tufanyavyo ili mwingine aushike wimbo mwenyewe akikosekana. Maestro Belarmino, kiongozi wa bendi, kakubali. Kanionya: filimbi ya Osting hulia kama ilivyoandikwa, yako hulia ngazi nane juu zaidi, basi noti zishushe ngazi nane. Nikaitikia ndiyo, Maestro. Sikuelewa kitu.

Jumanne, 19
Nimeshusha. Nimefuta. Nimepandisha. Nimefuta. Karatasi imetoboka. Aling Puring, mama wa ngoma, kasema nafanana na mtu anayeanika nguo asijue kamba ni ipi. Mwishowe nimenakili vile vile alivyo nazo Osting. Wimbo si ule ule?

Jumatano, 20
Nimempelekea Osting maembe mabichi na bagoong, ile rojo ya uduvi wa chumvi, pilipili tele, midomo imvimbe asiweze kupuliza Ijumaa. Nisamehe. Kala yote, kalamba sahani, kauliza: kumpare, rafiki yangu, hayakubaki mengine?

Alhamisi, 21
Aibu! Kesho Osting hayupo, ana ubatizo wa mjukuu huko mji wa Malolos. Tangu wiki jana alishamwomba Maestro wimbo nipewe mimi. Maembe yangu bure!

Ijumaa, 22, sikukuu yako
Ulisikia? Mji mzima ulisikia. Nilipuliza mbele ya kanisa, ukatoka mluzi wa birika. Mbwa wa soko zima wakaitikia. Kina mama wa kwaya, wanaochukua sauti kwa mwenye wimbo, wakapanda nami hadi koo zikakwama. Padri kaziba sikio. Aling Puring kauliza nawaita malaika au naita bajaji.

Jumamosi, 23
Maestro hakufoka. Kanipa nafasi moja tena, Jumapili ya kwanza ya Desemba, kabla ya meno kung'olewa. Kaketi nami mpaka noti zote zikashuka ngazi nane. Sasa naelewa! Kosa ni la filimbi ndogo. Basi nimemwomba Osting filimbi yake kubwa, nipulizie hiyo, kwa karatasi hii hii iliyoshushwa. Kaniazima kwa roho safi. Nimejaribu. Ajabu: inakoroma chini huko kama mzee aliyeshiba, haisikiki hata mlangoni. Masikini Osting, filimbi yake imekufa naye hajui! Nimwambie, au niipeleke kwa fundi kimya kimya? Tafadhali nijibu upesi, fundi anafunga saa kumi.