Chewa wa Mapokezi

Idara inayo heshima kuutangazia umma kwamba hadhi rasmi ya chewa, yule samaki mnene wa matumbawe anayependwa na walaji wote, imebadilika kutoka "Tele" kuwa "Hayupo". Hakuna sababu ya taharuki.

Zamani wataalamu wetu walizama baharini kuhesabu, wakarudi na mafua na takwimu za kukatisha tamaa. Nilipopewa kukaimu ukurugenzi nikaboresha mfumo. Chewa mmoja aliwekwa kwenye tangi la kioo pale mapokezi, akaitwa Chewa Kiwakilishi. Kila mwaka Mheshimiwa Waziri huja, humhesabu mbele ya waandishi wa habari, tunapiga makofi, kisha tunakula chewa wa sokoni. Miaka nenda miaka rudi, chewa hawajapungua hata mmoja.

Waziri, mwenye meli zote za kuvua chewa, aliupenda sana mfumo huu. Hata akasaini waraka kwamba hesabu ikishuka kwa nusu, uvuvi utasimama siku hiyohiyo. Alisaini huku akicheka.

Mwaka huu nilitegemea kuthibitishwa. Niliutaka ule ukurugenzi hadi nikawa nauota, sioni haya kusema. Basi asubuhi ya shughuli, shemeji yangu, mpishi wa kantini, akanivuta pembeni.

"Shemeji, sokoni hakuna chewa."

"Haiwezekani. Wapo tele, nimesaini mwenyewe."

"Basi ikaange hiyo saini. Nimezunguka mpaka visigino vinawaka moto, hakuna hata wa dawa. Nipike kuku?"

Kuku! Waziri atangaze neema ya chewa huku akiguguna paja la kuku mbele ya kamera? Kibarua changu kingeota nyasi. Tukatazamana, kisha sote wawili tukageukia mapokezi.

"Ahesabiwe kwanza," nikamwambia. "Hotuba ni ndefu, utapata muda wa kumkaanga. Ukimgusa kabla ya makofi, tutajuana."

Waziri akaingia ameshika tumbo.

"Leo tunaanza na chakula. Sijapata hata chai."

"Mheshimiwa, utaratibu unasema..."

"Utaratibu ni mimi."

Ukweli ni kwamba hapo hakuna afisa ambaye angebisha; nikamkonyeza shemeji, naye akaelekea tangini. Mheshimiwa akala, akafyonza kichwa, akalamba vidole, akasifu upishi. Ndipo akawaongoza waandishi hadi kwenye tangi. Akainama. Akalizunguka. Akagonga kioo.

"Yuko wapi?"

"Mheshimiwa," nilisema kwa sauti ya kitaalamu, "kumejitokeza upungufu wa asilimia mia moja."

"Umejitokeza wapi?" mwandishi mmoja akadakia.

Shemeji yangu hajawahi kufunga mdomo maishani mwake.

"Pale sahanini."

Kamera zote zikageukia ile miiba.

Waraka ukaanza kazi papo hapo, na meli za Mheshimiwa zimetia nanga hadi leo. Ili zirudi baharini, lazima chewa ahesabiwe tangini. Ili aingie tangini, lazima avuliwe. Na kuvua ni marufuku, kwa saini yake mwenyewe. Mimi bado nakaimu, kwa kuwa hakuna mwingine anayekitaka kiti hiki.

Kila asubuhi Mheshimiwa hunipigia simu, siku hizi kwa unyenyekevu kabisa.

"Ndugu yangu, hapo tangini kuna chochote?"

Naenda mapokezi, nachungulia, narudi kwenye simu.

"Maji, Mheshimiwa. Maji yapo tele."