Kijani ni Ndiyo

Jumatatu, Machi 10

Wiki hii ni yangu! Alhamisi muswada wangu unapigiwa kura huko Concord, katika bunge la New Hampshire. Ukipita, jimbo litatoa fedha za kuziacha wazi wodi za wazazi huku kaskazini, na yetu ya Tobey Falls haitafungwa mwisho wa mwezi. Usipopita, wajawazito wote wa huku watavuka mlima kwenda kujifungulia ng'ambo, mwendo wa saa nzima na ushei. Na huu ni msimu wa matope, theluji inayeyuka na barabara zinameza magari.

Si muswada wangu hasa. Aliyeuandika ni mbunge mwenzangu, mama mmoja wa bonde la pili. Mimi nilitia sahihi chini, ya tisa. Lakini sahihi ni sahihi.

Binti yangu Celeste ana mimba ya miezi minane. Alizaliwa wodi ileile, na mama yake, Mungu amrehemu, aliwasifu wakunga wale mpaka siku anakufa. Nimemwambia Celeste atulie, baba yake ni mbunge. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikacheka kicheko cha kiserikali.

Thurlow Pease amepita karakana yangu kuchukua msumeno wake. Nilimshinda uchaguzi kwa kura chache na hajapona. Ameniuliza kama siku hizi naijua njia ya kwenda chooni kule bungeni. Nilipotea mara moja tu! Nikaendelea kuunoa. Mtu mzima hajibizani na mtu anayesubiri msumeno.

Jumanne, Machi 11

Mkutano wa mji. Watu wote ukumbini, maharage ya kuoka, pai, na ule ugomvi wa kila mwaka kuhusu greda. Nilikusudia nisiseme kitu. Nilivaa tai ili nionekane mtu mwenye mambo asiyoyasema. Kisha mdomo ukaniponza. Nilisimama nikaahidi mbele ya mji mzima kwamba wodi haifungwi, labda nife mimi. Makofi! Celeste alishika tumbo akatabasamu.

Thurlow akainuka polepole. "Mheshimiwa," akasema, "kule si ni kubonyeza kitufe tu? Cha kijani au chekundu. Utaweza?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamjibu kwamba hata mtoto wa chekechea anajua kijani ni ndiyo. Kicheko kikahamia kwake. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, Machi 13

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi ilikuwa njema. Donati mbili. Niliketi kando ya Winifred Cate, bibi aliyekaa bungeni miaka na miaka, ambaye hufuma soksi wakati wa hotuba. Hotuba zikasemwa. Sikuzisikiliza zote, nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia watu wa gazeti. Halafu Spika akasema kamati imependekeza kwamba muswada huu haufai kutungiwa sheria, na kwamba hiyo ndiyo hoja iliyo mbele yetu. Wanaokubali, kijani. Wanaokataa, nyekundu.

Kijani ni ndiyo. Nilibonyeza kwa moyo wote. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma.

Ndiyo zikashinda kwa kura moja. Nikarusha mikono juu, nikapiga kelele ya furaha. Katika safu yetu nilikuwa peke yangu. Winifred akasimamisha sindano zake akaniuliza nashangilia nini, na muswada umekufa. Nikamwambia ndiyo zimeshinda. Akanieleza taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba ndiyo maana yake ilikuwa ndiyo, haufai. Waliotaka kuuokoa walibonyeza nyekundu. Kila mbunge mpya hufundishwa jambo hilo siku ya kwanza. Siku ya kwanza ndiyo ile niliyokuwa natafuta choo.

Kura moja. Yangu. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, na donati zangu.

Nafuu ni moja tu. Ilikuwa kura ya kuhesabu idadi, majina hayaandikwi. Ajuaye ni Winifred, na mimi, na Mungu.

Ijumaa, Machi 14

Nilikwenda kwa Celeste nimwambie kweli. Nilivua viatu vya matope, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba wabunge wa kusini wametumaliza. Akanikumbatia. Mtoto akanipiga teke kutoka tumboni. Nadhani yeye anajua.

Mji mzima unanipa pole. Mama wa posta ameniletea pai la tufaha la kunifariji. Nimelila lote nimesimama. Lilikuwa tamu mno. Sijawahi kujidharau hivi nikiwa nimeshiba.

Winifred amepiga simu. Anasema kanuni inaruhusu jambo lifufuliwe. Inaitwa hoja ya kufikiria upya. Hutolewa ndani ya nusu saa ya kwanza ya kikao kinachofuata, yaani Alhamisi ijayo, na sharti aitoe mtu aliyepiga kura na upande ulioshinda. Yeye hawezi, alibonyeza nyekundu. Wenzetu wote vivyo hivyo. Nikauliza sasa nani ataitoa. Akasema jibu ninalo mwenyewe. Nikaelewa.

Nisimame mbele ya wabunge mia nne, matangazo yanakwenda mtandaoni moja kwa moja, Thurlow anatazama na bakuli lake la bisi, nitamke kwamba nilikuwa upande wa walioua muswada! Nikamwambia Winifred nina mafua makali.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," akasema, akakata simu. Mwanangu! Nina miaka sitini na moja.

Jumamosi, Machi 15

Hila! Kwani lazima niwe mimi? Walioshinda ni wengi. Nimemkumbuka Everett Stickney, daktari wa meno wa kusini, mtu mpole, tuliwahi kula meza moja. Nimeendesha gari mpaka kwake na galoni ya shira ya utomvu mtamu wa miti niliyoichemsha mwenyewe, ya kwanza ya mwaka, ile nyepesi ya rangi ya dhahabu ambayo hata mkwe wangu simpi.

Nikamzungusha kwa maneno. Je, hahisi kwamba labda siku ile kidole chake kiliteleza? Akasema hakikuteleza. Fedha za jimbo hazitoshi, na kwao wodi zimejaa tele. Akaniuliza mimi nilibonyeza nini. Nikasema nyekundu, tena kwa hasira.

Shira ameipokea. Amenitazama na meno bila malipo. Mawili yanataka kung'olewa.

Jumatatu, Machi 17

Celeste na mumewe, Dana, walikwenda kuijaribu barabara ya mlimani, wajue hali yake kabla ya siku yenyewe. Gari likazama kwenye matope kabla hawajafika nusu. Nikaenda na trekta. Nikamkuta Celeste ameketi kiti cha nyuma, mlango wazi, miguu nje, viganja chini ya tumbo, analia bila sauti. Sijamwona akilia vile tangu tulipomzika mama yake.

Dana alikuwa anafunga mnyororo. Mimi nimesimama na kofia mkononi. Hapo ndipo pa kusema. Nilijua kabisa ndipo. Celeste akaniwahi.

"Usijilaumu, Baba," akasema. "Watu wote wametutupa. Wewe peke yako ndiye uliyetupigania."

Nikamwambia avae kofia, kuna baridi.

Jioni akaja Thurlow. Akasema alinihukumu vibaya, kumbe nilipambana kiume, na anaomba anishike mkono. Nikampa mkono. Heri angenipiga ngumi. Nimemwahidi kumnolea msumeno bure mpaka mmoja wetu afe.

Jumatano, Machi 19

Nimeamua. Kesho nasimama. Aibu hii nimeibeba wiki nzima na inanuka.

Sina hila tena, isipokuwa moja, ndogo. Nitasema nilibonyeza kijani makusudi, kimkakati, ili nipate haki ya kuufufua muswada. Wakubwa hufanya hivyo! Winifred mwenyewe amethibitisha. Nimemsomea hotuba kwenye simu. Ameniuliza kama nitaweza kuisema nikiwatazama watu machoni. Nimesema nitatazama dari.

Na lile kosa halirudiwi. Nimeandika NYEKUNDU kiganjani kwa kalamu ya kutilia alama magogo. Haitoki hata kwa petroli. Nimejaribu.

Alhamisi, Machi 20

Nilisimama. Kwanza nilisimama nikaketi, nikasimama nikaketi, mpaka Spika akauliza kama kiti changu kina hitilafu. Nusu saa ilikuwa inakwisha. Winifred akanichoma ubavuni kwa sindano ya kufumia. Hapo nikasimama kweli.

Spika akauliza kama nilipiga kura na upande ulioshinda. Nikatazama dari. Nikafungua mdomo niseme kimkakati, na macho yangu hayakuona dari wala bunge, yalimwona Celeste matopeni.

"Nilikosea kitufe," nikasema. "Nilidhani kijani ni ndiyo. Binti yangu anakaribia kujifungua, na wodi nimeifunga mimi."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele. Hata watu wa gazeti. Masikio yalinichoma. Lakini kicheko kilipokwisha nikaona watu wa pande zote wananitazama kwa upole, na Stickney, Stickney yule wa shira, anaitikia kwa kichwa kunikubalia. Winifred alinifinya mkono. Macho yake yalikuwa na machozi. Nilijisikia mtu.

Spika akasema hoja iliyo mbele yetu ni kufikiria upya. Wanaokubali, kijani. Wanaokataa, nyekundu.

Nikatazama kiganja changu, nikakitii.

Kura zimelingana. Hoja ikilingana huanguka, na jambo likishaombewa kufikiriwa upya halifufuliwi tena. Winifred alikitazama kiganja changu kwa muda. Akakusanya uzi wake, akatoka nje. Ningempa karakana yangu yote anitukane.

Ijumaa, Machi 21

Nimevaa glavu tangu jana.

Mji mzima ulitazama mtandaoni. Walimwona mtu mzima akikiri kosa lake mbele ya jimbo zima. Kidole hawakukiona. Leo naitwa Mkweli. Mama wa posta ameleta mapai mawili. Thurlow anasema mtu kama mimi anafaa kugombea useneta, na hakuwa anatania, nimemchunguza.

Celeste alikataa kunifungulia mpaka adhuhuri. Alipofungua, macho yalikuwa yamevimba. Akasema kosa la kitufe angelisahau siku hiyohiyo, ila uongo wa wiki nzima umemuuma. Nilitazama sakafu, sikuwa na pa kwenda. Kisha akasema kwa kusimama vile mbele ya watu amenisamehe, angalau jana nilifanya sawa. Akauliza ni nani hao waliotunyima kura moja tu iliyobaki.

Nikasema ni watu wa kusini.

Aibu yangu haina pa kulala. Kwa hiyo nimejitolea. Siku ikifika nitampeleka Celeste mwenyewe, kwa gari langu kubwa. Dana hawezi milima, mimi nimezaliwa hapa. Barabara kuu haipitiki, itabidi tupande njia ya wakata miti. Celeste ameniuliza mara mbili, kwa sababu ana hofu: kule juu kwenye njia panda tunashika upande gani, maana njia mojawapo inaishia kwenye machimbo. Nikamshika bega. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba yake anaijua njia hiyo.

Ni kulia. Au kushoto. Nitajua nikifika.