Nyonga ya Babu Virgil Ilikuwa Wapi Mwaka 1991?

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Madai ya Wanajeshi wa Zamani,

Mheshimiwa,

Ninakuandikia kwa heshima yote inayostahili cheo chako, nikiwa na akili timamu, kahawa ya kutosha, na nakala ya uamuzi wako uliomnyima babu yangu, Sajini mstaafu Virgil Tackett, haki ya nyonga yake. Ninasoma falsafa, mwaka wa tatu, kwa hiyo nimezoea hoja zisizoeleweka. Hii yenu imenishinda.

Ofisi yako imekwisha kukubali kwamba goti lake la kushoto liliharibika kazini mwaka 1991, alipodondoka kutoka nyuma ya lori la jeshi vitani kule jangwani. Tunashukuru. Mlichokataa ni kwamba goti hilo, kwa kumchechemeza zaidi ya miaka thelathini, ndilo lililoiharibu na nyonga. Mkiikubali nyonga, nyumba itafungiwa, kwa gharama yenu, kiti cha umeme cha kumpandisha ghorofani. Msipoikubali, ataendelea kulala sebuleni kwenye kochi, kama afanyavyo tangu Novemba, naye Bibi Opal alale juu peke yake. Watu hawa wameoana miaka arobaini na miwili. Siku hizi wanaongea kupitia tundu la hewa ya joto lililo darini.

"Virgil, umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Kwa niaba ya watu hawa wawili, mmoja juu na mmoja chini ya tundu, ninawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Kuhusu ujirani wa viungo. Mpimaji wenu wa afya ameandika kwamba "hakuna uhusiano uliothibitishwa" kati ya goti na nyonga. Mheshimiwa, viungo hivi vinatumia mfupa mmoja wa paja. Goti limeshika ncha hii, nyonga imeshika ncha ile. Ni uthibitisho gani zaidi mnaoutaka, cheti cha ndoa?

2. Kuhusu nusu kwa nusu. Daktari Sturgill, ambaye amemtibu Babu miaka kumi na tisa, aliandika kwamba nyonga "inaweza kuwa" imeharibiwa na goti. Mkajibu kwamba hiyo ni dhana tu. Mnataka daktari atamke kuwa uwezekano ni angalau nusu kwa nusu, na aeleze sababu. Nikarudi kwake. Akavua miwani.

"Binti, nina wagonjwa thelathini leo. Mimi natibu watu, sipigi ramli."

Nilipomfafanulia kwamba nusu kwa nusu si ramli bali ni kiwango cha sarafu iliyorushwa hewani, alinionyesha mlango kwa adabu. Basi nimeirusha mwenyewe. Kiambatisho cha kwanza ni sarafu yenyewe, robo dola, na taarifa ya mirusho yake mia moja, mbele ya mashahidi wawili wa bweni langu. Goti limeshinda mara hamsini na tatu. Mlitaka hamsini, hizo tatu za juu ni zawadi ya familia.

3. Kuhusu salamu. Uchunguzi ulifanyika katika chumba cha kukodi kati ya saluni ya kucha na duka la chambo, ukachukua dakika kumi na moja. Mpimaji wenu, Bi. Pruitt, alianza kwa kuuliza, "Unaendeleaje leo, Bwana Tackett?" Babu akajibu, "Sina la kulalamika, mama. Wewe je, na wanao?" Ikaandikwa katika taarifa rasmi: Mgonjwa hana malalamiko.

Mheshimiwa, huku kwetu milimani hiyo ni salamu. Kaka yake Babu aliitamka akiwa amebanwa chini ya trekta. Anayejibu vinginevyo huonekana hakulelewa. Garini nilimwuliza Babu kwa nini hakusema ukweli. "Ulitaka nimwanzie yule mama na nyonga, hata hajakaa? Hukumwona ana mafua?" Kwa hiyo ninadai mambo mawili, mchague moja: ama wapimaji wenu wapigwe marufuku kusalimu, ama kila "sina la kulalamika" inayotamkwa katika wilaya yetu ihesabiwe kuwa ulemavu wa asilimia arobaini.

4. Kuhusu utoro. Hapa ndipo mantiki yenu inapotufikisha, wala si mimi niliyeichagua njia. Mmesema goti lilikuwa kazini. Mmesema nyonga haihusiki na kazi hiyo. Ilikuwa wapi, basi? Ama ilikuwa jangwani pamoja na goti, ikila vumbi lile lile, ama ilitoroka jeshi wakati wa vita. Kama ilitoroka, ninaitaka ofisi yako, kwa jina la haki na la bendera mnayoipandisha kila asubuhi, iifikishe mbele ya mahakama ya kijeshi. Tutaileta bila pingu. Itabidi tu Babu aje nayo, nanyi mtafute namna ya kumpandisha ngazi za mahakama.

Ninasubiri uamuzi mpya au hati ya mashtaka, lolote litakalotangulia. Unisalimie makarani wote, mlinzi wa mlangoni, Bi. Pruitt (tunamwombea nafuu ya mafua), na yeyote anayepokea simu yenu baada ya ule muziki wa dakika hamsini.

Wenu nisiyechoka,

Adair Tackett

Nyongeza: Kabla ya kuituma barua hii nilimsomea Babu, nikitarajia pongezi. Alicheka hadi hoja ya nne, kisha akasogea mbali na tundu la hewa na kuninong'oneza: "Binti, si kuchechemea. Nilianguka kwenye ngazi mwaka 2009, nikiondoa majani kwenye mfereji wa paa." Nikaona hoja zangu zote nne zikianguka pamoja naye. Nikamwuliza ilikuwaje akaanguka. "Goti lililegea. Ulidhani nini, nilisukumwa na ndege?" Kumbe alijiendesha mwenyewe hadi hospitali, na Bibi, aliyekuwa amemkataza kabisa kupanda ngazi, akaambiwa kwamba ameteleza kwenye maegesho ya duka. Miaka yote hii amekuwa radhi ashindwe na ofisi yenu kuliko kukiri kwa mkewe.

Kwa idhini yake nimepata rekodi ya hospitali. Daktari Sturgill ameisoma kwa dakika mbili, akaandika sababu zote na maneno "zaidi ya nusu kwa nusu" bila kuombwa. Rekodi hiyo na barua yake zimeambatishwa. Tafadhali futeni hoja ya kwanza hadi ya nne, na mnirudishie robo dola yangu.

Ombi la mwisho. Muuguzi wa siku ile aliandika: "Goti la kushoto lililegea akiwa ngazini. Mgonjwa anaomba mkewe asijulishwe." Najua uamuzi wenu utayanukuu maneno hayo yote. Msiutume nyumbani. Utumeni bwenini kwangu, maana barua za nyumba ile hufunguliwa na Bibi.